Kura ya Ukumbi

Mimi ndiye mweka hazina. Hazina yenyewe
ni kopo la biskuti na akaunti moja benki,
na kila Novemba, Kaunas ikianza kuvaa ukungu,
naulizwa swali lilelile:
mwaka huu tuonane, au tuonane?
Neno ni moja. Gharama ndizo mbili.

Tunatengeneza programu ya kusoma vipima mvua.
Hatulipwi. Mvua nayo hailipi.
Mkono mtupu haulambwi, lakini mikono yetu mitupu
imeandika mistari elfu tisini,
na mahali fulani mtu asiyetujua
anaikodolea macho usiku, mto ukipanda.

Mwaka wa ukumbi
tulikodi shule ya ufundi karibu na mto Neris:
viti sabini, vinne vibovu,
na mlinzi Vaidotas, aliyezima joto saa moja kamili
hata uwe katikati ya sentensi.
Wakaja hamsini na wanane.

Daumantas na Florin wa Iași
walikuwa wamegombana miaka sita juu ya nukta:
desimali itengwe kwa nukta, au kwa koma?
Miaka sita ya maneno makavu ya usiku wa manane,
kila mmoja akimdhania mwenzake kuwa mrefu.
Nikawaweka sinki moja, vikombe mia na ushee.
Sikukusudia. Naapa, zamu za kuosha
nilizipanga kwa alfabeti.
Mmoja akasugua, mwingine akafuta,
na walipotoka, vidole vimekunjamana kwa maji,
mzizi wa fitina ulikuwa umekatwa:
programu izikubali zote mbili.
Hadi leo hawasemi nani alianza kucheka.

Ila mezani, pale mlangoni,
beji moja haikuchukuliwa.
OYUNBILEG, ULAANBAATAR.
Theluthi ya programu ni kazi ya mikono yake.
Ubalozini waliuliza: nani anakulipa?
Akasema kweli: hakuna.
Kweli ikamfungia mlango.
Jioni nilikunja meza, beji nikaitia mfukoni
kama niliyeiba.

Mwaka uliofuata tukahamia kwenye skrini.
Mia tatu na kumi na wawili!
Kopo la biskuti likabaki na biskuti.
Oyunbileg alizungumza kwao ikiwa saa nane usiku,
sauti ameishusha, watoto wamelala nyuma ya kabati,
akatuonyesha kosa tulilolipita
miaka yote kama jiwe la njiani.
Kisha Semisi wa Suva akasahau kuzima kipaza sauti,
na mvua ya asubuhi ikanyesha juu ya bati lake,
ikaingia vyumbani mwetu sote.
Hakuna aliyemwambia azime.
Dakika nzima tuliisikiliza,
sisi tunaoijua kwa tarakimu.

Florin alikuwepo: mraba. Daumantas: mraba.
Miraba miwili haioshi vikombe.
Na ilipokwisha, nikabonyeza Ondoka,
chumba kikarudi kuwa chumba.
Kikombe kilikuwa kimoja.
Nikakiosha.

Kura za mwaka huu zimefungana, kumi na tisa kwa kumi na tisa,
ya mwisho ni yangu.
Wapo wanaosema: fanya yote mawili, ukumbi na skrini.
Hao hawajawahi kubeba nyaya hadi ghorofa ya tatu,
wala kumwona anayezungumza ukutani
akingoja wenye kahawa mikononi wageuke.

Jana niliitia ile beji kwenye bahasha,
nikalipia stempu kwa pesa yangu, si ya kopo.
Leo nimempigia Vaidotas. Joto ni kiasi gani siku hizi?
Akataja. Nikakaa kimya.
“Haya, viti vingapi?”

Nje imeanza manyunyu,
haba mno, chombo chetu kingeandika sifuri.
Nimemwambia asikate simu,
bado nahesabu.